Sodiamu haionekani, au imeonekana ikawaka: kutafuta chanzo cha hitilafu katika elektrolisisi ya metali za alkali

Mada ya elektrolisisi, yaani kuigawa kemikali kwa umeme, ikifika darasani, maswali hurudi yaleyale. Mbona kwenye kathodi, elektrodi ya upande hasi, tunaona mapovu tu? Mbona kitabu kinataka chumvi iyeyushwe kwa joto la nyuzi 600, ilhali maji ya bomba yanaiyeyusha bila moto? Ule wavu katikati ya mchoro ni wa nini? Hapa nimeyapanga maswali hayo kama fundi anavyopanga kazi yake: dalili kwanza, kisha chanzo, kisha la kufanya. Nimewaandikia walimu wa kemia, mafundi wa maabara za shule, na wanafunzi wanaotaka kuelewa mchoro badala ya kuukariri.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya yote. Elektrolisisi ya shuleni inaishia kwenye maji ya chumvi. Sehemu ya chumvi iliyoyeyushwa kwa moto ni ya kusoma na kuelewa tu, kwa sababu ni kazi ya kiwanda chenye chombo kilichofungwa, mabomba ya kuondoa klorini na watu waliofunzwa. Jiko la mkaa na betri ya gari uani havitoshi, na anayejaribu anahatarisha macho na mapafu yake na ya jirani.

Umeme hauhangaiki sana kuitenga sodiamu na klorini. Kazi kubwa ni kuizuia sodiamu isirudi ilikotoka. Karibu kila hitilafu iliyo hapa chini inatokana na metali kukutana na kimojawapo cha vitu vitatu: maji, hewa, au klorini iliyotengwa nayo. Ukilishika hilo, utasoma mchoro wowote wa chombo cha elektrolisisi na kujua kwa nini kila kipande kipo pale kilipo.

Kathodi inatoa mapovu, metali hakuna

Hii ndiyo dalili inayoletwa mara nyingi zaidi. Mwanafunzi ameweka chumvi kwenye maji, ametumbukiza elektrodi mbili za kaboni, ameunganisha betri, na anasubiri metali ing'ae. Anachopata ni mapovu pande zote mbili.

Chanzo ni maji yenyewe. Kwenye kathodi kuna wawili wanaogombea elektroni: ayoni za sodiamu (atomu zake zenye chaji chanya) na molekuli za maji. Kwa vipimo vya kawaida, sodiamu inahitaji volti -2.71 na maji -0.83, na aliye karibu zaidi na sifuri hutangulia, kwa hiyo maji yanashinda bila shida. Yanatoa haidrojeni na kuacha ayoni za haidroksidi. Dondosha fenolftalini, dawa inayogeuka waridi penye haidroksidi, karibu na kathodi uone: rangi ya waridi inaanzia kwenye ncha ya kaboni, inapanda na mapovu kama uzi, kisha inatanda juu. Hiyo ni sodiamu haidroksidi inayojikusanya. Sodiamu imo bado, ila imebaki ayoni.

Kuongeza volti hakusaidii. Ukiongeza, unapata mapovu mengi zaidi na bika la moto. Hata kama chembe ya sodiamu ingetokea, ingeyavamia maji papo hapo. Humphry Davy aligonga ukuta huuhuu mwaka 1807 katika Royal Institution ya London: alipopitisha umeme kwenye potashi (potasiamu haidroksidi) iliyoyeyuka majini, alipata haidrojeni na oksijeni tu. Alifanikiwa alipoachana na maji. Aliweka kipande cha potashi juu ya sahani ya platini, kikiwa na unyevu kidogo tu wa hewani wa kukiwezesha kupitisha umeme, na vitone vya potasiamu vinavyong'aa kama zebaki vikajitokeza upande wa hasi. Baadhi vilipasuka na kuwaka palepale, vingine vilififia na kufunikwa na utando mweupe. Siku chache baadaye akaipata sodiamu kwa njia ileile.

Ipo njia moja ya kiwandani inayotoa sodiamu kutoka kwenye maji ya chumvi: kathodi ya zebaki. Sodiamu inayeyukia ndani ya zebaki na kufanya amalgamu (mchanganyiko wa metali na zebaki) kabla maji hayajaiwahi. Hata hivyo lengo lake lilikuwa sodiamu haidroksidi na klorini, na sumu ya zebaki imeifikisha njia hiyo ukingoni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2025 kuwa mwisho wa viwanda vya namna hiyo. Shuleni zebaki isiguswe kabisa.

Tukiwa bado kwenye bika: rangi, harufu na ukimya

Maji yakigeuka kijani kichafu kisha kahawia, umetumia msumari upande wa anodi (elektrodi chanya), na chuma kinaliwa badala ya klorini kutoka. Waya wa shaba unaleta tope la rangi ya machungwa au kijani-buluu kwa sababu hiyohiyo. Chuma cha pua kinaweza kuachia kromiamu na nikeli, na maji yake yakiwa ya manjano usiyamwage ovyo wala usiyashike kwa mikono mitupu. Tumia kaboni. Fimbo ya ndani ya betri ya tochi inafaa, ila ikwanguliwe vizuri kwa msasa, maana mara nyingi imeloweshwa nta, na nta inazuia umeme. Unga mweusi unaodondoka chini ni kaboni inayochakaa, hauna neno.

Mapovu yasipotokea kabisa, angalia viungo vya waya, kisha angalia chanzo cha umeme. Transfoma inayotoa umeme wa kubadilika mwelekeo haitakutengea kitu, kwa sababu kila elektrodi inakuwa anodi na kathodi kwa zamu.

Harufu ya klorini ikikosekana, huenda maji ya chumvi ni hafifu mno, na anodi inatoa oksijeni zaidi. Au klorini inatoka lakini inameng'enywa na haidroksidi ileile ya kathodi, na kufanya maji ya kung'arishia nguo. Vifaa vidogo vya paneli za jua vinavyotengeneza dawa ya klorini ya kusafishia maji ya kunywa hutumia mchanganyiko huohuo kwa makusudi. Harufu ikiwa kali, zima umeme na fungua madirisha. Usipeleke pua juu ya bika. Peperusha hewa kidogo kwa kiganja kuelekea usoni. Na usikusanye gesi za elektrodi zote mbili kwenye chupa moja, kwani haidrojeni na klorini zikichanganyika hulipuka kwa mwanga wa jua tu, bila hata kiberiti.

Chumvi kavu haipitishi umeme, na ya moto inameza metali

Sasa tuingie kiwandani. Chumvi ngumu haipitishi umeme kwa sababu ayoni zake zimefungwa mahali pake. Lazima iyeyuke, na chumvi safi inayeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Wengi hudhani shida ya joto hilo ni gharama ya moto tu. Shida kubwa zaidi ni metali yenyewe: sodiamu inachemka kwenye nyuzi 883. Kwa hiyo ukiyeyusha chumvi tupu unapata metali iliyo karibu kuwa mvuke, tena inayoyeyukia ndani ya chumvi ya majimaji badala ya kukaa kando. Dalili zake ni mbili: mavuno yanashuka ingawa ampea hazijapungua, na mvuke unaotoka unawaka ukigusa hewa.

Dawa yake ni kushusha joto la kuyeyuka. Mmarekani James Downs, aliyepewa hataza ya chombo chake mwaka 1924, alichanganya kloridi nyingine. Leo mchanganyiko huwa wa kloridi ya kalsiamu na mara nyingi ya bariamu, na chombo hufanya kazi kwenye nyuzi 600 hivi. Hapo mvuke wa sodiamu ni mchache na metali haimezwi sana. Umeme nao unasaidia kazi ya moto: chombo kinatumia volti 7 hivi, zaidi ya zinazohitajika kuigawa chumvi, na ziada hiyo inageuka joto linaloifanya chumvi isigande.

Hapa ndipo swali la mtihani linapozaliwa: kwa nini kalsiamu haitoki badala ya sodiamu? Jibu la kweli ni kwamba inatoka kidogo. Katika chumvi iliyoyeyushwa kwa moto, kloridi ya kalsiamu imeshikamana kuliko ya sodiamu, kwa hiyo sodiamu hutangulia, ila tofauti ni ndogo na kalsiamu kiasi huandamana nayo. Dalili huonekana kwenye bomba linalopandisha sodiamu nje: likipoa, kalsiamu inaganda na kuanza kuliziba. Ndiyo sababu bomba hilo huwekewa kifaa cha kukorogea, ili magamba ya kalsiamu yadondoke na kurudi chini. Sodiamu iliyotoka hupozwa hadi nyuzi 110 hivi, juu kidogo tu ya nyuzi 98 inapoganda, kisha inachujwa. Kwenye joto hilo kalsiamu iliyobaki imeshajitenga. Mwalimu anayeandika ubaoni kwamba kalsiamu haitoki kabisa anawanyima wanafunzi sehemu tamu ya somo.

Ampea zipo, metali ni kidogo

Ikiwa joto liko sawa na bado mavuno ni duni, mshukiwa wa kwanza ni wavu. Katika chombo cha Downs, anodi ya grafiti inasimama katikati na kathodi ya chuma inaizunguka. Kati yake unaning'inia wavu wa chuma. Sodiamu ya majimaji ina uzito wa gramu 0.8 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, chumvi inayoizunguka inakaribia 2, kwa hiyo sodiamu inaelea. Klorini nayo inapanda juu. Zote mbili zinaelekea juu, na zikikutana zinarudi kuwa chumvi kwa joto kali. Wavu unapitisha ayoni ila unazuia matone na mapovu yasichanganyike. Juu yake, kuba inaipokea klorini na mfereji wa mviringo unakusanya sodiamu.

Wavu ukitoboka, metali na gesi vinaonana. Ukizibwa na takataka au metali iliyojishika kwenye matundu, umeme unapita kwa taabu, volti zinapanda na joto pamoja nazo. Wavu wa chombo hiki hubadilishwa mara kwa mara, na wanaokiendesha wanalihesabu hilo kuwa sehemu ya kazi. Volti zinazopanda polepole kwa muda mrefu, bila kishindo, zinaelekeza kwenye anodi: grafiti inaliwa, pengo kati ya elektrodi linapanuka, umeme unasafiri mbali zaidi. Oksijeni inayotokana na unyevu au salfati ndani ya chumvi inaila haraka.

Hilo linatuleta kwenye chumvi yenyewe, na watu wa pwani watanielewa. Chumvi ya bahari iliyokaushwa juani, kama tunayoiona kwenye mashamba ya chumvi kuanzia Malindi hadi Bagamoyo, ina magnesiamu, kalsiamu na salfati. Ile inayolowa kwenye kopo msimu wa mvua inalowa hasa kwa sababu ya kloridi ya magnesiamu. Chumvi hiyo ikiingia kwenye chombo bila kusafishwa, magnesiamu inatangulia kutoka kabla ya sodiamu, unyevu wake unatoa mvuke wa asidi ya haidrokloriki, na tope la oksidi linajikusanya chini. Kiwanda huiyeyusha kwanza majini, kikayaondoa hayo kwa kemikali, kisha kikaikausha kabisa.

Mlio na kuruka kwa matone

Hii si dalili ya kuchunguzwa ukiwa umesimama karibu. Chumvi ya nyuzi 600 ikipokea chumvi yenye unyevu, au chombo cha chuma chenye tone la maji, maji yanageuka mvuke kwa kufumba na kufumbua na kurusha chumvi ya moto pande zote. Ikiwa sodiamu ipo, haidrojeni inaongezeka juu yake. Kloridi ya kalsiamu inanyonya unyevu wa hewani kwa ulafi, kwa hiyo mfuko uliofunguliwa jana ni hatari leo. Kila kinachogusa chumvi hiyo hukaushwa na kupashwa moto kwanza.

Kabla ya Downs, njia ya Castner ya mwishoni mwa karne ya 19 ilitumia sodiamu haidroksidi iliyoyeyushwa kwenye nyuzi 330 hivi. Joto lilikuwa la chini na la kuvutia, lakini kasoro ilikuwa ndani ya mmenyuko: anodi inatoa oksijeni pamoja na maji. Maji hayo yanasafiri hadi kwenye kathodi na kula karibu nusu ya sodiamu iliyotengenezwa, yakitoa haidrojeni. Haidrojeni na oksijeni juu ya haidroksidi ya moto maana yake ni milipuko midogo, na haidroksidi ikirukia jicho inalipofua. Nasisitiza hili kwa sababu haidroksidi inauzwa madukani kwa ajili ya kutengenezea sabuni, na kijana akisoma kuhusu nyuzi 330 anaweza kudhani ameona njia nyepesi. Hakuna wepesi hapo.

Potasiamu na lithiamu: dalili nyingine

Anayedhani potasiamu inatengenezwa vilevile atashangaa. Inayeyukia mno ndani ya kloridi yake iliyoyeyuka, mavuno yanapotea, na mvuke wake ukikutana na oksijeni unafanya supaoksidi (oksidi yenye oksijeni ya ziada), ambayo inaweza kulipuka ikigusana na metali. Ndiyo sababu viwanda vimeacha umeme hapa. Vinapitisha mvuke wa sodiamu kwenye kloridi ya potasiamu kwa nyuzi 850 hivi. Potasiamu inayotokea ni nyepesi zaidi kuwa mvuke, inaondoka, na kwa kuondoka kwake mmenyuko unasonga mbele. Hatari yake ilijulikana mapema: mwaka 1808 Mfaransa Gay-Lussac aliumizwa vibaya machoni na mlipuko wa potasiamu.

Lithiamu hutengenezwa kwa umeme, katika mchanganyiko wa kloridi yake na ya potasiamu unaoyeyuka kwenye nyuzi 350 hivi. Ikionekana nyeusi badala ya rangi ya fedha, imekutana na naitrojeni ya hewa ya kawaida, jambo ambalo sodiamu haifanyi. Kwa hiyo naitrojeni haifai kuikinga; hutumika agoni. Mawe ya lithiamu ya Manono huko Kongo, ambayo yanasemwa sana siku hizi, yana safari ndefu kabla ya kufika huku, na betri nyingi za simu hazitumii metali hiyo tupu bali misombo yake.

Chupa kabatini

Shule nyingi zina chupa ya zamani ya sodiamu. Utando mweupe au kijivu juu ya kipande ni haidroksidi na kaboneti. Hukatwa kwa kisu kikavu, juu ya kigae kikavu, na ndani hung'aa kabla ya kufifia tena mbele ya macho yako. Mafuta yakiwa yamepungua na kipande kimechungulia, ongeza mafuta ya parafini makavu.

Potasiamu ni habari nyingine. Tazama kupitia kioo bila kufungua. Ukiona ganda la manjano au la machungwa, hiyo ni supaoksidi, na inaweza kuwepo hata chini ya mafuta. Kisu kinachoisukuma ndani ya metali safi kinaweza kuleta mlipuko mkononi. Usikate, usitikise, usikwangue. Funga chumba, weka alama, na waite wataalamu wa kemikali hatari.

Wala usiitupe mtoni au chooni. Mwaka 1947 serikali ya Marekani ilitupa mapipa ya sodiamu iliyobaki baada ya vita katika Ziwa Lenore, jimbo la Washington, na picha za filamu zinaonyesha nguzo za maji na moshi zikiruka juu ya ziwa. Kipande cha maonyesho darasani kisizidi punje ya mchele, kwenye beseni pana, nyuma ya kioo cha kinga. Mwaka 2015 Pavel Jungwirth na wenzake wa Prague walionyesha kwa kamera za kasi kwamba metali hiyo hurusha miiba ndani ya maji kwa muda usiofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa sababu elektroni zinaikimbia na kuiacha imejaa chaji chanya. Usingoje kuona moto ndipo urudi nyuma. Mlipuko unaweza kuutangulia.

Moto umeshika

Moshi mzito mweupe unaochoma koo ni oksidi na haidroksidi. Maji hayamwagwi. Povu halimwagwi, maana lina maji. Kizimamoto cha kaboni dioksidi, kile chenye pembe nyeusi kinachoning'inia kwenye korido nyingi, kinazidisha: sodiamu inayowaka inachukua oksijeni ya kaboni dioksidi na kuacha kaboni. Kinachofaa ni kuufunika moto kwa chumvi kavu, soda kavu ya kiwandani (kaboneti ya sodiamu) au mchanga uliokaushwa kweli, polepole, bila kurusha. Kwa lithiamu mchanga haufai, kwa sababu ikiwa moto inamenyuka nao. Hutumika unga wa grafiti.

Magadi ya jikoni yasichukuliwe kuwa soda hiyo. Soda inayosafishwa Magadi, Kenya, imechomwa hadi maji yote yakatoka, lakini magadi ghafi yanabeba maji ndani ya fuwele zake, na yakipata moto yanayaachia. Ndoo ya mchanga iliyokaa nje wakati wa masika nayo ina kasoro hiyohiyo. Ikaushwe, ifunikwe, iandikwe.

Metali ikigusa mwili

Vipande vinavyoonekana viondolewe kwanza kwa koleo kavu au kitambaa kikavu, haraka, kisha maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Kumwaga maji kidogo juu ya kipande kilichobaki ni kukiwasha kwenye ngozi. Nguo zilizorukiwa zivuliwe. Jicho lioshwe bila kukoma huku gari la hospitali likitafutwa, na msizibe jicho wala kupaka chochote. Sodiamu inaunguza mara mbili, kwa joto na kwa haidroksidi inayoachwa nyuma, na haidroksidi inaendelea kupenya ngozi hata maumivu yakipungua.

Aliyevuta klorini apelekwe kwenye hewa safi, mahali pa juu na upande upepo unakotoka, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa na hutuama chini. Asitembezwe bure wala kukimbizwa. Apelekwe kuonwa na daktari hata akisema amepata nafuu, kwa sababu maji yanaweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye, akiwa ameshafika nyumbani na kulala.